Hodi ya Tatu

Chini kabisa ya ukurasa wake wa mtandaoni, Suad alikuwa ameweka kisanduku kidogo cha kuhesabu wageni. Kilikuwa cha bure, kama ukurasa wenyewe ulivyokuwa wa bure. Kila ukurasa ulipofunguliwa, namba ilipanda moja. Jumatatu ilikuwa hamsini na mbili, Jumatano hamsini na tatu, Ijumaa hamsini na nne. Alifurahi wiki mbili nzima, mpaka siku moja, amekaa kwenye kompyuta ya maktaba pale Ilford, akahesabu siku alizoufungua mwenyewe na kugundua kwamba kisanduku kilikuwa kikimhesabu yeye.

Alicheka kwa puani, kimya, kwa sababu ya maktaba. Mgeni wake mwaminifu kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa Februari, mwaka elfu mbili na saba. Suad Shaame alikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya ualimu aliyoipata Unguja. Kwao ni Wete, Pemba. Ami yake aliyemleta London alihamia Leicester kabla mwaka haujaisha, naye akabaki kwenye chumba cha juu katika nyumba ya Gaudensia, nesi wa Bukoba aliyefanya kazi zamu za usiku. Mmoja akitoka, mwingine yumo kitandani. Walijuana kwa karatasi zilizobandikwa kwenye friji. "Mdogo wangu, wali upo, jipakulie." "Ahsante da Gaude, nimekula, Mungu akuzidishie." Kuna mwezi walipita bila kuonana uso kwa uso, ila kwa maandishi walikuwa ndugu kabisa.

Siku za kazi Suad alikuwa akiwahudumia wazee majumbani. Kila nyumba ilikuwa na kisanduku cha chuma ukutani, chenye namba za siri, na ndani yake ufunguo. Unabonyeza namba, unachukua ufunguo, unaingia. Nyumba kumi na moja kwa siku, na hata moja haikutaka hodi. Mwanzoni aliwahi kusimama mlangoni na kuita, kwa mazoea tu. Mzee mmoja alishtuka akadhani kuna moto. Tangu hapo akaacha. Kwao mtu haingii hata kwa dada yake wa tumbo moja bila kupiga hodi. Hapa aliingia mpaka vyumbani mwa watu kimya kimya kama paka, na jioni akirudi kwake koo lilikuwa kavu kwa kutosema.

Kilichomfanya aamke Jumamosi kabla ya saa ya kuamsha ni darasa lake la Kiswahili. Lilikuwa kwenye chumba cha juu katika ukumbi wa jumuiya karibu na barabara ya maduka. Wanafunzi walikuwa sita, watoto wa Wazanzibari na Wakenya waliozaliwa hapahapa. Kiswahili walikisikia vizuri. Ukimwambia mmoja "funga dirisha" atalifunga. Ukimuuliza "kwa nini umechelewa?" atakujibu kwa Kiingereza, na atakujibu kwa kirefu.

Sita hawakutosha. Bwana Solomon, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, Mkamba wa Machakos na dereva wa basi, alikuwa amemweleza tangu Januari.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na wewe," alisema, kofia ya kazi bado iko kichwani. "Basi la ghorofa mbili naliweza. Kamati siiwezi. Kuna watu wa densi wanataka hiki chumba, na wao wako thelathini. Kamati inasema, wakifika kumi kwenye register mwisho wa Machi, darasa linabaki. Wasipofika, chumba kinaenda."

"Wapo wengine wanaotaka, Bwana Solomon. Mama zao wako kazini Jumamosi. Hakuna wa kuwaleta."

"Sasa nifanyeje? Niende niwachukue na basi la watu?"

Hapo ndipo Suad alipokuja na fikra yake. Maktaba ilikuwa imetoa mafunzo ya bure ya siku moja kwa walimu wa kujitolea: namna ya kufungua ukurasa, kurekodi sauti, kuweka picha na ramani, vyote kwa vifaa vya mtandaoni visivyolipiwa. Angeweka kila somo kwenye ukurasa. Mtoto wa Barking au Croydon angesikiliza akiwa nyumbani, kisha aandike kazi yake chini ya somo, mahali pa maoni.

"Na akiandika huko, umhesabu kama yupo," alisema Suad.

Bwana Solomon alilikuna shavu. "Haya. Anayeandika huko, yuko. Nitamwandika kwenye register kwa mkono wangu."

Basi Suad akajenga ukurasa wake kama mtu anayejenga nyumba ya kuingia mwenyewe. Alirekodi masomo mchana wa siku yake ya mapumziko, amejifunika blanketi kichwani yeye na kipaza sauti, ili Gaudensia aliyelala chumba cha pili asiamke na mabasi ya barabarani yasiingie kwenye somo. Mle gizani, pumzi yake ikimrudia usoni, alizungumza Kiswahili kirefu kuliko alichozungumza wiki nzima. Somo la kwanza, maamkizi. Somo la pili, nyumba na milango. Somo la tatu, jikoni. "Mama amekalia mbuzi," alisema polepole, "anakuna nazi." Akaweka na picha.

Darasani somo hilo liliwavunja mbavu. Malak, msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye nyusi za kuuliza, alinyanyua mkono, akauliza kwa Kiingereza chake cha siku zote. "Miss, mama yako anamkalia mbuzi? Mbuzi wa kweli? Anakubali?"

"Ni mbuzi ya kukunia nazi, Malak. Itazame picha. Ina meno, haina miguu ya kukimbia."

"Maskini," alisema Malak, na darasa zima likalia "meee" mpaka watu wa chini wakagonga dari.

Alipoufungua ukurasa mara ya kwanza, mtandao ulikuwa umemuuliza maswali mengi ya kuweka tiki. Moja lilihusu maoni, na lilikuwa na neno moja la Kiingereza alilolijua vizuri sana: *moderate*. Chuoni alilisoma kuwa ni wastani, kitu cha kiasi, kisichopita mpaka. Akalifasiri kichwani: "Maoni yawe ya kiasi?" Na majibu yalikuwa: daima, mara nyingine, kamwe. Alifurahi kuona kwamba hata mashine ya Wazungu inajali adabu. Akaweka tiki kwenye "daima".

Kisha akangoja.

Chini ya somo la kwanza paliandikwa: Maoni 0. Chini ya la pili: Maoni 0. Aliwapigia simu mama wa Barking na mama wa Croydon, akawaachia ujumbe. Walimjibu kwamba watoto wanasikiliza, inshallah, Mungu akipenda. Lakini masomo yalifika saba na sifuri zikafika saba, zimepangana kama mayai ambayo hayataanguliwa. Wakati wa kuandika alikuwa akienda moja kwa moja kwenye sehemu ya kuandikia, akabandika somo, akashuka chini kutazama sifuri yake na namba ya kisanduku ambayo hakuiamini tena, akaondoka. Alianza kuhisi kwamba sauti yake ile ya chini ya blanketi haikuwahi kutoka nje ya blanketi.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Machi, wiki moja kabla ya mwisho, wanafunzi walikuwa walewale sita. Baada ya darasa watano walichukuliwa. Malak akabaki, mama yake amekwama kwenye treni. Suad akaenda naye kwenye ofisi ndogo ya ukumbi, palipokuwa na kompyuta kuukuu. Alitaka kuandika tangazo la kufunga mapema, kabla moyo haujamgeuka. Malak akakaa pembeni na pakiti ya krispi.

"Unaandika nini, Miss?"

"Kwamba darasa linakwisha. Kaa vizuri, unamwaga makombo."

Kwa kuwa alikuwa akitaka kuufunga ukurasa na si kuandika somo, safari hii alifungua mahali ambapo hakuwahi kufika tena tangu siku ya kwanza, kwenye orodha ya mipangilio. Malak akaacha kutafuna.

"Miss. Una watu kumi na wanne wanasubiri."

"Wanasubiri wapi?"

"Hapo." Kidole chenye chumvi kilitua kwenye kioo. "Maoni kumi na manne. Yanakusubiri wewe uyaruhusu. Umewafungia nje."

"Mimi? Mimi niliweka yawe ya kiasi tu."

Malak alimtazama mwalimu wake kwa huruma kubwa. Akamweleza kwa Kiingereza, taratibu, kama Suad alivyokuwa akimweleza yeye ngeli. Neno lile hapa halikuwa na maana ya kiasi. Maana yake ni kwamba hakuna anayeingia mpaka mwenyewe umkague kwanza. "Kama yule mtu mkubwa anayesimama mlangoni kwenye kilabu."

"Kilabu umekiona wapi wewe?"

"Kwenye televisheni, Miss."

Suad alibonyeza.

Ziyad na Nusra, ndugu wawili wa Barking, walikuwa wameandika tangu mwisho wa Februari. "Mama yangu hakai mbuzi," aliandika Nusra. "Mama anununua nazi ya kopo." Ziyad alikuwa amefanya kazi zote saba, akakosea zote saba kwa bidii. Eddie wa Croydon alianza vizuri, kisha mwezi wa tatu akaandika: "Mwalimu uko? Hello? Hello?"

Na katikati ya watoto hao palikuwa na mtu mwingine.

"Hodi. Mimi ni Hansa, niko Harrow. Mjukuu wangu alinifungulia ukurasa huu. Nimesikia sauti yako ukisema mbuzi ya kukunia nazi. Nyumbani kwetu Tanga ilikuwepo. Hodi mwalimu."

Siku kumi baadaye: "Hodi tena. Pengine uko jikoni, husikii. Mjukuu anasema ningoje. Nangoja."

Na tarehe nane Machi: "Hodi mara ya tatu. Sijajibiwa. Ama mwenye nyumba hayupo, ama hapendi wageni. Si vibaya. Narudi zangu. Wasalimie watoto."

Suad aliisoma mara mbili. Alimwona huyo mtu barazani, amesimama, ameshika ukingo wa mlango, huku yeye mwenye nyumba yumo ndani analia kwamba hatembelewi.

"Kwa nini ameondoka?" aliuliza Malak. "Si angepiga tena?"

"Hodi ni tatu, Malak. Ukipiga tatu hujaitikiwa, unarudi. Ya nne ni ukosefu wa adabu."

"Na kama upo bafuni?"

"Basi umekosa mgeni."

Malak alifikiri. "Hiyo ni mbaya sana," alisema.

Bwana Solomon alikuja kufunga milango, akaonyeshwa. Akavua kofia, akasoma kwa kidole. "Sita wa hapa, watatu hawa. Tisa. Na huyu mama?"

"Huyo amerudi."

"Hodi zimeisha." Alitikisa kichwa. "Hata kwetu Machakos huyo ameenda, mwalimu. Siwezi kumwandika mtu ambaye yuko kwenye kona anarudi kwake. Tisa si kumi. Mlete mpaka Jumamosi, nitamwandika. Kama hakuna, ah, sitaki hata kusema."

Kabla ya kuondoka, Malak aliiondoa ile tiki mwenyewe, ili mlango ubaki wazi. Suad aliwajibu watoto mmoja mmoja. Chini ya hodi ya tatu aliandika "Karibu," akaona haitoshi, akaongeza "karibu sana, nisamehe."

Jumapili ikapita kimya. Jumatatu pia. Mtandao ulimwonyesha Suad anwani ya barua pepe aliyoitumia Bi Hansa, akaandika huko. Jumanne jibu lilikuja.

"Mimi Kanti, mtoto wake. Kiswahili yangu imelala kidogo, samahani. Mama anasema hodi tatu kwisha. Kompyuta amefunika na kitambaa. Wewe kuja nyumbani, Alhamisi yeye yupo, mimi kazini. Kengele hasikii vizuri." Na chini yake, namba ya nyumba na jina la barabara.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Asubuhi alipita maktaba akaona kisanduku kimefika mia na nne, kisha akavuka mji mzima, na mwishoni akapanda ile treni ya Metropolitan inayotoka chini ya ardhi ghafla na kukuacha kwenye mwanga. Njia nzima alikuwa akitayarisha maneno. "Bi Hansa, darasa letu linataka mtu wa kumi." "Bi Hansa, ukiandika mstari mmoja tu." Kila alivyoipanga upya, sentensi ilizidi kufanana na zile za watu wanaogonga milango kuuza madirisha. Kwani angemtafuta huyu mama kama register ingekuwa imetimia? Alijiuliza hivyo karibu na Harrow, kisha akainuka kuteremka.

Nyumba zilikuwa za mapacha, mbili mbili zimeegemeana ukuta mmoja. Mlango wa Bi Hansa ulikuwa wa rangi ya maziwa, na pembeni yake, kwa mazoea ya kazi, jicho la Suad likaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha chuma cha ufunguo. Mkono wake nao ukainuka. Akaushusha.

Alibonyeza kengele. Kimya. Akabonyeza tena. Mwanamke mmoja alipita na mbwa wake, akamtazama. Suad akangoja apite, kisha akapiga magoti kwenye zulia la mlangoni, akasukuma kile kifuniko cha shaba cha tundu la barua, akaweka mdomo.

"Hodi!"

Ndani palikuwa na korido, ndara zimepangwa, fimbo ya kutembelea, harufu ya bizari. Hakuna aliyejibu.

"Hodi jamani!"

Saa ya ukutani ilisikika. Magoti yalianza kumuuma. Sasa alibakiwa na moja, na alijua kwamba akiitumia bila kujibiwa atainuka, atajipangusa, atarudi Ilford, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Malak sheria hii. Alifikiri juu ya kungoja saa nzima kabla ya kuitumia. Akafikiri juu ya mwanamke mzee aliyekaa siku ngapi sijui akiifikiria yake.

"Hodi," alisema. Haikutoka kwa nguvu. "Ni mimi, Suad. Yule ambaye hakuitikia."

Kitu kilisogea.

"Hodi ya ngapi hiyo?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Ya tatu, bibi."

"Uliihesabu?"

"Niliihesabu."

"Mimi pia nilihesabu. Ya kwanza nilisikia. Ya pili nilisikia. Nilikaa hapa kwenye kiti, nikasema, acha naye aonje." Ndara zilikokotwa. "Karibu. Inuka huko chini, majirani watadhani unaiba barua."

Mlango ulifunguka. Bi Hansa alikuwa mdogo, amevaa sari ya buluu na sweta la kiume juu yake, na macho yake yalicheka kabla ya mdomo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Baridi imekula pua yako. Pita."

Walikunywa chai ya tangawizi jikoni. Bi Hansa alizungumza kama mfereji uliozibuliwa, na palipokosekana neno alilitafuta hewani kwa vidole mpaka akalipata. Kiswahili chake, alisema, ni cha jikoni. Alifundishwa na Marcelina, mwanamke aliyewapikia pale Tanga; Marcelina juu ya mbuzi anakuna, yeye mtoto chini anakula nazi inayodondoka, na kila akila anapigwa kofi la mkono na kufundishwa neno jipya.

"Na mume wangu, tuligombana kwa Kiswahili," alisema. "Kigujarati watoto walielewa, Kiingereza walielewa. Tukitaka kugombana vizuri, tunafunga mlango, tunashika Kiswahili. Weee! Miaka arobaini. Sasa amekufa, wa sita huu mwaka." Alikizungusha kikombe chake. "Kanti ni mtoto mwema. Lakini sina wa kugombana naye."

Suad akasema ukweli. "Mimi nazungumza chini ya blanketi."

"Nini?"

Akamweleza. Bi Hansa alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya sari. Kisha akamtazama vizuri.

"Umetoka Ilford mpaka hapa. Ni mbali. Unataka nini kwangu?"

Ndiyo ilikuwa nafasi. Kompyuta ilikuwa palepale kwenye meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa cha kutarizi kama kitu kilichofiwa. Mstari mmoja tu, na watoto wangekuwa na chumba. Maneno ya kwenye treni yalimjia yote, yamejipanga. Lakini yule mzee alikuwa amemfungulia mlango akidhani hodi ile ilikuwa hodi. Kama angeitaja register sasa, ingekuwa kitu kingine, na Bi Hansa angebaki na vikombe viwili mezani akijua kwamba aliyekuja alikuja kuhesabu.

"Nimekuja kukuitikia," alisema Suad. "Nilichelewa, basi nimekuja mwenyewe."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na pale ukurasani, bibi, tafadhali usipige hodi tena. Mwenyeji hapigi hodi kwao."

"Mimi mwenyeji? Hata kiti sina."

"Kiti utajichagulia."

Bi Hansa alimwonjesha achari ya embe aliyoitengeneza mwenyewe, akamtilia chupa yake kwenye mkoba kwa nguvu. Mlangoni alimshika kiganja muda mrefu.

Kwenye treni ya kurudi Suad alihesabu tena: tisa. Hazikugeuka. Alikuwa mwepesi na alikuwa na huzuni, vyote pamoja, na chupa ya achari ilikuwa ya baridi mapajani. Akafikiria namna atakavyowaambia watoto. Usiku huo aliandika karatasi ya friji, "Da Gaude, kuna achari, onja," akaongeza kwa herufi ndogo, "siku moja tule pamoja." Ijumaa alikuwa na zamu mbili. Hakufika maktaba.

Jumamosi Bwana Solomon alikuwapo kabla yake, register mkononi, amevaa tai. Tai ilimtisha Suad kuliko register.

"Tisa, Bwana Solomon," alisema, ili liishe. "Nilimwona yule mama. Sikumwomba."

"Hukumwomba? Umeenda mpaka Harrow, hukumwomba?"

"Sikuweza."

Alimtazama kama abiria aliyepitisha kituo chake akijua. "Haya. Nionyeshe hao watatu niwaandike, tumalize kwa utaratibu."

Wakaingia ofisini, watoto sita wakajazana mlangoni. Suad akafungua ukurasa, akashuka somo la kwanza, la pili. Chini ya somo la tatu aliacha kushuka. Palikuwa na maoni mapya, ya Ijumaa saa tano asubuhi, marefu, na hayakuanza na hodi.

"Kazi ya somo la tatu. Mama amekalia mbuzi, anakuna nazi. Marcelina amekalia mbuzi, mimi naiba nazi. Nusra, mwambie mama yako kopo halina tui la pili. Tui la kwanza zito, la pili jepesi, vyote unahitaji. Ziyad, andika tena, umeharakisha. Eddie, mlangoni hatusemi hello. Kazi ya somo la nne nitaleta kesho, leo macho yamechoka. Hansa."

Nusra alikuwa amemjibu tayari. Eddie naye alikuwa ameandika: "Hodi?" na chini yake, saa ileile ya jioni, Bi Hansa: "Karibu. Umechelewa."

Bwana Solomon alivaa miwani, akasoma yote kutoka juu, midomo ikisogea.

"Huyu hajapiga hodi," alisema.

"Hapana."

"Ameingia tu."

"Ni kwao," alisema Suad, akamsogezea kalamu.

Bwana Solomon alifungua register juu ya paja, akaandika watatu wa nje, kisha akaanza mstari wa kumi. "Hansa. Anaishi Harrow. Umri?"

"Sabini na moja."

Kalamu ilisimama kidogo. "Mwalimu, wanafunzi wako wanakua haraka," alisema, akaandika.

Watoto walipiga kelele hata hawakujua hasa za nini. Suad aliinamisha uso kwenye kompyuta, asionekane, na macho yake yakaangukia chini kabisa ya ukurasa. Kisanduku kilionyesha mia na thelathini na tatu. Hakuwa ameufungua tangu Alhamisi asubuhi. Aliirudia hesabu, moja moja, akitafuta zake humo, na kati ya hizo mpya yake ilikuwa moja tu, ya leo.

"Miss," Malak alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti, vidole juu ya herufi. "Nimjibu? Niandike karibu?"

"Hakupiga hodi, Malak. Haambiwi karibu."

"Sasa mtu aliye nyumbani anaambiwa nini?"

Suad alifikiri. Alifikiri juu ya jikoni kwao Wete, mama yake amempa mgongo, na kitu cha kwanza alichokuwa akikisema kila akitoka shule.

"Muulize amepika nini."

"Kwa Kiswahili?" alisema Malak. Akajibu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza alijibu kwa Kiswahili: "Haya." Akaanza kuitafuta U ya "umepika".